Kikao kimoja cha bega: utafiti ulisema nini hasa?

Shangazi yangu analima mtama na alizeti huko Mpwapwa. Bega lake la kulia lilianza kumsumbua wakati wa palizi, mpaka ikawa hawezi kulilalia usiku. Alipofika hospitali moja (siitaji), alikaa na mtaalamu wa fiziotherapia dakika kama tano. Akapewa karatasi yenye picha sita za Mzungu aliyevaa bukta akivuta mpira mwekundu, akaambiwa akafanye hayo nyumbani.

Nikamlalamikia rafiki yangu anayesomea mambo ya tiba. Akanijibu bila kupepesa macho: "Mbona hiyo ndiyo sayansi ya sasa? Waingereza wameshathibitisha kikao kimoja kinatosha."

Basi nikautafuta huo utafiti, nikausoma wote. Msomaji, leo nataka tuukosoe pamoja, maana ni utafiti mzuri unaosemewa maneno ambayo haukuyasema.

Kwanza tuelewane kuhusu bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kama mpira uliowekwa kwenye kisosi: kisosi chenyewe ni kidogo, hakiwezi kuushika. Kinachoushikilia ni misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega, ambayo kano zake zinaukumbatia huo mpira. Wataalamu huiita misuli hiyo roteta kafu. Kano zikichoka au zikichanika, kuinua mkono juu ya usawa wa bega kunakuwa shughuli. Waulize mafundi rangi na wapiga plasta wanaoshinda juu ya jukwaa kwenye majengo ya Mtumba, watakueleza vizuri kuliko mimi.

Sasa utafiti. Unaitwa GRASP, ulichapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la The Lancet. Watu 708 wenye maumivu mapya ya roteta kafu, huko Uingereza, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata vikao vya mazoezi hadi sita, vilivyoongezwa ugumu kidogo kidogo chini ya mtaalamu. Wengine walipata kikao kimoja tu cha ushauri, kisha wakajifanyia mazoezi wenyewe. Katika kila upande wapo waliochomwa sindano ya steroidi na wapo ambao hawakuchomwa. Kwa kipindi cha miezi 12, vikao sita havikukizidi kikao kimoja. Sindano ilisaidia kidogo mwanzoni, baadaye tofauti ikayeyuka.

Kwa mtu wa Mpwapwa au Kondoa hiyo ni habari njema kweli. Nauli ya kwenda na kurudi mara sita, ukijumlisha na siku sita za shamba, si mchezo.

Lakini hicho "kikao kimoja" kilikuwaje? Kilikuwa cha ana kwa ana na mtaalamu, hadi dakika 60. Mgonjwa alipimwa, akaelezwa tatizo lake, akafundishwa mazoezi na jinsi ya kuyaongeza kadiri bega linavyopata nguvu, akaondoka na kijitabu na video za kumkumbusha. Saa nzima! Dakika tano na karatasi ya picha hazikupimwa na mtu yeyote katika utafiti huu. Anayeutumia kuhalalisha huduma ya dakika tano anakuwa amesoma kichwa cha habari tu.

Kuna na hili: hapakuwa na kundi ambalo halikutibiwa kabisa. Pande zote zilipata nafuu, sawa, lakini kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na mazoezi na kiasi gani kililetwa na muda? Utafiti huu peke yake hauwezi kutuambia. Na waliopata jeraha kubwa la ghafla hawakuchukuliwa. Kwa hiyo kama umeanguka na bodaboda na mkono hauinuki, usitafute faraja kwenye GRASP, nenda ukapimwe haraka.

Ila kinachonikera zaidi ni kipimo chenyewe. Walitumia dodoso liitwalo SPADI, lililotengenezwa Marekani mwaka 1991, lenye maswali 13 kuhusu maumivu na ugumu wa kufanya kazi. Unapata shida gani kuosha nywele? Kuvaa shati la vifungo vya mbele? Kuweka kitu kwenye rafu ya juu? Nilimsomea shangazi lile la nywele, akacheka: "Mwanangu, mimi nanyoa." Swali la mzigo linataja pauni 10, yaani kilo 4.5 hivi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na haibebwi tu: unajitwisha, mikono yote miwili juu ya kichwa, pale pale ambapo kano zinateseka. Mzigo wa dodoso haufiki hata robo ya ndoo hiyo. Hakuna swali la kujitwisha, wala la mchi, wala la jembe. Mtu anaweza kupata alama nzuri kwenye SPADI na bado asiweze kurudi kwenye maisha yake.

Siwalaumu Waingereza, walipima maisha ya kwao. Lawama ni kwetu tunaonukuu hitimisho bila kupima ya kwetu. Kama uko UDOM au Moshi unatafuta mada ya tasnifu, hii hapa, ichukue bure.

Shangazi tulimpata mtaalamu mwingine, mama mmoja mstaafu. Alikaa naye zaidi ya saa nzima uani. Ule mpira mwekundu ukawa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo ya mlango, na badala ya "rudia mara kumi" akapewa dumu: anza na lita moja, maumivu yakitulia kufikia kesho yake, ongeza. Sasa yuko kwenye lita tano. Ndoo ya 20 bado anatwishwa na jirani.