Silaha ya Kaini

Ukipita Mkuyuni jioni ya siku ya mechi, ukaketi kwa kinyozi au kwenye kijiwe cha bodaboda, utasikia silaha nyingi. Shuti kali ni kombora. Arsenal ni Washika Bunduki. Wapo wahubiri wanaoona humo mizizi ya ukatili, na wangependa lugha hiyo ikemewe mimbarini. Sisi hatuko pamoja nao. Kombora la redioni halijamuua mtu, na watu wa Mkuyuni wanajua tofauti ya mchezo na msiba. Maneno yanayotutia hofu ni mengine, tena ya upole: "ugomvi wa wapenzi", "wivu wa mapenzi", "mambo ya ndani ya nyumba".

Desemba 2012 huko Marekani, Jovan Belcher, mchezaji wa Kansas City Chiefs, alimpiga risasi mama wa mtoto wake akamuua, kisha akajiua. Siku iliyofuata mtangazaji Bob Costas aliutaja utamaduni wa bunduki wakati wa mapumziko ya mechi, na nchi ikagawanyika: wengine bunduki zipunguzwe, wengine zisiguswe. Huku kwetu mjadala ule tunausikia kama wa watu wa mbali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye bunduki awe na leseni, na nyumba nyingi za mitaa yetu hazina hata gobole. Basi tunajiona salama. Jirani zetu wa Kenya, ambao wakimbiaji wao tunawashangilia kama wetu, wanatuonyesha kwamba usalama huo ni wa kudhania tu.

Samuel Wanjiru alikuwa na umri wa miaka 21 aliposhinda marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo. Desemba 2010 alishtakiwa kwa kutishia kumuua mkewe na kwa kumiliki bunduki ya AK-47 kinyume cha sheria. Alikana. Baadaye mume na mke walipatana, shtaka la vitisho likaondolewa. La bunduki likabaki.

Tulitazame hilo taratibu. Kesi iliyoendelea ilikuwa ya chuma. Ile ya mtu aliyesemekana kuelekezewa chuma ilifungwa kwa furaha ya mapatano. Mei 2011 Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa, akiwa na miaka 24, na watu wakaanza kubishana upya: ni ajali, amejiua, au ameuawa?

Baada yake silaha zilibadilika. Agnes Tirop, aliyevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya wanawake peke yao Septemba 2021, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi uliofuata. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Paris Agosti 2024, akawa wa 44. Jumapili ya Septemba 1, aliporudi kutoka kanisani na watoto wake, huko Trans Nzoia, aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli akamwasha. Alifariki siku nne baadaye Eldoret. Ikasemwa ni ugomvi wa kiwanja. Baba yake alieleza kwamba malalamiko yalikuwa yamefika polisi zaidi ya mara moja.

Bunduki, kisu, petroli. Tukitaka kudhibiti silaha peke yake, je, tutaweka leseni kwenye kibiriti?

Mwanzo sura ya 4 haitaji silaha ya Kaini. Wachoraji wamempa rungu, jiwe, hata taya la mnyama. Maandiko hayakumpa kitu. Mwandishi anayekumbuka kututajia wazaliwa wa kwanza wa kondoo na mafuta yao amenyamaza kuhusu chombo cha mauaji. Mungu naye haulizi Kaini ametumia nini, anamuuliza ndugu yake yuko wapi. Na jambo ambalo wengi hulisoma harakaharaka: Mungu alizungumza na Kaini kabla, uso wake ulipokunjamana, ndugu yake akiwa bado hai. Mjadala wetu wa hadhara kuhusu wanamichezo hawa huanza baada ya maziko. (Hapo kila mtu ni mchambuzi.)

Upatanisho ni neno letu sisi Wakristo na hatuliachi. Ila mapatano yanayofanywa haraka, mbele ya wageni na kamera, humwondoa aliyetishiwa katika ulinzi wa sheria na kumrudisha chumbani. Luther, akifafanua Amri ya Tano katika Katekisimo Kubwa, hakuishia kwa anayeua kwa mkono wake. Alimhesabu pia anayeweza kumkinga jirani na madhara asifanye hivyo. Kwa kipimo hicho, mchungaji, mzee wa kanisa, kocha na meneja wa mwanariadha wamo ndani ya amri.

Kwa hiyo mama akija usharikani akisema mumewe amemtishia, swali la kwanza liwe usiku huu atalala wapi na watoto watalala wapi. La pili ni nani atafuatana naye hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, maana kwenda peke yake ni kazi nzito, na kurudi peke yake ni nzito zaidi. Baraza la wazee litakaa baadaye. Tunajua watakaosema kwamba hivyo tunavunja ndoa. Tunawajibu kwamba aliyeinua mkono, wenye chuma au usio na kitu, ndiye aliyeanza kuivunja, na mazungumzo ya kuijenga upya yanahitaji watu wawili walio hai.