"Yanayohusishwa na Imani za Kishirikina": Uhakiki wa Lugha ya Habari za Mauaji ya Watoto Njombe, 2019

Mwishoni mwa Januari 2019, aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, aliiambia BBC kwamba miili ya watoto 10 ilikuwa imepatikana mkoani Njombe, mingi ikiwa imeondolewa viungo, na akayahusisha mauaji hayo na ushirikina. Kirai "yanayohusishwa na imani za kishirikina" kikaganda katika habari zilizofuata. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kirai hicho kilitoa hukumu ambayo mahakama ilikuwa haijaitoa.

"Yanayohusishwa" ni kauli ya kutendwa: anayehusisha hatajwi, hivyo haulizwi ushahidi. Neno "ushirikina" lina tatizo kubwa zaidi. Ni istilahi ya dini, yenye maana ya kumshirikisha Mungu na viumbe, na gazetini humtia mganga na mchawi kapu moja. Katika matumizi ya kawaida, mganga hutibu na mchawi hudhuru. Isitoshe, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga na kumtaka asajiliwe.

Mwaka 1888, gazeti la The Star la London lilimtangaza "Leather Apron" kuwa mshukiwa wa mauaji ya Whitechapel. Jina hilo, la vazi la kazi la ngozi, lilimwangukia John Pizer, fundi viatu Myahudi, aliyekamatwa na kuonekana hana hatia. Muuaji hajajulikana hadi leo. Hata jina "Jack the Ripper" lilitoka katika barua iliyopelekwa kwa shirika la habari, ambayo baadhi ya maofisa wa polisi waliamini iliandikwa na mwanahabari. London ilipewa mshukiwa mwenye vazi, Njombe ikapewa mwenye kazi.

Kirai kingine, "watu wasiojulikana", kimezoeleka mno katika habari za Tanzania. Wingi wake hudokeza genge, na kutojulikana hudokeza ugeni. Makambako, inapokutana barabara ya Dar es Salaam na Mbeya na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ikipita, wageni hushuka kila siku. Kwa msomaji wa huko, kirai hicho humtilia shaka kila abiria. Lakini miongoni mwa waliouawa walikuwamo ndugu watatu wa familia moja, na aliyeshikiliwa na polisi kwa kisa hicho alikuwa jamaa yao. Bado kisa hicho kilisimuliwa chini ya kichwa kilekile cha ushirikina, pamoja na vingine, kana kwamba muuaji ni mmoja na sababu ni moja.