Chora Kisichokungoja

Kila mchoraji wa kidijitali anaijua hali hii: kishikwambi kina chaji, kalamu iko mkononi, ukurasa ni mweupe, na hakuna kinachokuja. Siku zikifuatana hivyo, mtu huanza kuamini kwamba kipaji kimemkimbia. Mimi naona kipaji bado kipo. Kilichopotea ni kitu cha kutazama.

David Hockney, mchoraji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa amevuka miaka 70 alipoanza kuchora kwenye simu. Nyumbani kwake Bridlington, mji wa pwani, alikuwa akichora mapambazuko akiwa bado kitandani, kwa kidole gumba. Kwa karatasi asingeweza, maana giza lingemlazimu awashe taa, na taa ingeziua rangi za alfajiri dirishani. Kioo cha simu chenyewe hutoa mwanga. Hapo ndipo ninapoipenda mno kazi yetu: tunachora mwanga kwa mwanga, jambo ambalo mabingwa wa zamani hawakulipata.

Kioo hichohicho, hata hivyo, kina mtego. Programu inakupa tabaka juu ya tabaka, brashi kwa mamia, kitufe cha kutendua, na uwezo wa kukuza picha hadi kope moja ijae skrini nzima. Anayetumia rangi ya maji hukimbizana na karatasi inayokauka. Sisi hatukimbizwi na chochote. Tunafuta, tunarudia, tunabadili rangi ya anga mpaka usiku wa manane, na mwishowe picha haina kosa wala uhai. Ukame mwingi ninaouona miongoni mwetu unaanzia hapo. Mawazo tunayo, ila hakuna kinachotuambia anza sasa, acha hapa.

Alfajiri ya Bridlington haikumngoja Hockney. Kila alipochelewa, rangi ilikuwa imeshabadilika.

Mwaka 2013 naye alikwama. Msaidizi wake, kijana, alifariki dunia, na kwa miezi kadhaa mzee huyo hakupaka rangi. Alirudi Los Angeles, na huko picha iliyomfungulia njia ilikuwa ya rafiki yake ameketi kitini, kichwa ameshika kwa mikono. Ilikuwa picha ya huzuni, na ilikuwa kweli iliyokuwa mbele ya macho yake. Baada ya huyo akamwita mwingine, na mwingine tena: kiti kilekile, turubai za kipimo kimoja, kila mtu akikaa kwa takribani siku tatu. Mmoja aliposhindwa kufika, Hockney akachora matunda juu ya benchi. Mwaka 2016 zilionyeshwa London picha 82 za watu na hiyo moja ya matunda. Kazi hiyo ilikuwa ya brashi na rangi halisi, lakini dawa yake inatufaa sisi wa kioo kuliko wote, kwa sababu mtu aliyeketi mbele yako ataondoka, na lazima umalize. Majira ya kuchipua ya mwaka 2020, akiwa na miaka 82, alirudi kwenye kioo, safari hii iPad, huko Normandy, Ufaransa, akayachora maua ya miti kabla hayajadondoka. Onyesho lililotokana na kazi hiyo lilikuwa na picha 116.

Jambo jingine linaloweza kutusaidia liko ndani ya chombo chenyewe. Programu ya Brushes aliyoitumia iliweza kuurudia mchoro mstari kwa mstari tangu mwanzo, na programu nyingi za leo hurekodi vivyo hivyo. Itazame rekodi ya picha iliyokushinda, bila haraka. Utapaona mahali mstari ulipoacha kutafuta ukaanza kupamba. Mwalimu mkali kuliko huyo simjui.

Kwa hiyo, ndugu mchoraji uliyekwama, toka na kishikwambi chako. Keti karibu na kituo cha daladala umchore muuza machungwa anavyomenya, au mama ntilie anavyopakua wali wakati wateja wamemzonga. Tumia tabaka moja na brashi moja, na usiikuze picha. Akihama, acha hapo, uihifadhi hata kama mkono mmoja haujaisha. Kesho chora mwingine. Fanya hivyo kwanza, kabla hujapakua brashi nyingine mpya.