Profesa Aliyelea Swali Moja

Idara ya sayansi ya mazoezi na michezo ni ngumu kuongoza, kwa sababu watu wake hawafanani. Yumo daktari anayemfikiria mgonjwa, kocha anayefikiria saa ya mbio, fundi wa maabara anayezilinda mashine zake, na mwanafunzi aliyejiunga kwa kuwa anapenda mpira. Kuwakusanya wote hao kwenye swali moja kwa miaka mingi ni ufundi, na sijui aliyeumudu kuliko Bengt Saltin, Msweden aliyefanya kazi yake kubwa Copenhagen, Denmark.

Saltin aliikuta njia imekwisha kufyekwa. Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Copenhagen kilimpa Johannes Lindhard kazi ya kufundisha nadharia ya jimnastiki, naye akafanya utafiti bega kwa bega na August Krogh, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Mwanafunzi wa Lindhard, Erik Hohwü Christensen, akaipeleka elimu hiyo Stockholm mwaka 1941, na huko ndiko Saltin alikokulia kitaaluma. Mwaka 1973 akavuka bahari kwenda kufundisha Copenhagen, katika taasisi yenye jina la Krogh. Kila mkuu alipokea swali, akalinoa, akamkabidhi mwenzake.

Swali lenyewe lilikuwa hili: uwezo wa mtu kufanya kazi nzito hukomea wapi, kwenye moyo au kwenye misuli? Ukimpandisha mtu baiskeli ya maabara hupati jibu, maana misuli mingi inagombania damu kwa wakati mmoja. Maabara ya Copenhagen ikabuni namna ya kumkalisha mtu kitini na kumfanya arushe mguu mmoja mbele, tena na tena, hata kazi yote ikabebwa na msuli wa mbele ya paja. Damu ikapimwa inavyopita kwenye mshipa wa mguu huo. Ikaonekana kwamba kilo moja ya msuli inaweza kupokea takriban lita 2.5 za damu kwa dakika, mara kadhaa ya ilivyodhaniwa. Uzito wa jambo hili ni kwamba misuli yote ikidai kiasi hicho kwa pamoja, hakuna moyo utakaoweza kuitosheleza. Ni kama bomba la mtaa: nyumba zote zikifungua maji, presha huanguka. Msuli una njaa kuliko uwezo wa moyo kuulisha.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1985, na jina la kwanza ni la Per Andersen. La Saltin linafuata. Kwangu mimi, mpangilio huo wa majina ni sehemu ya uongozi wake, sawa na kile kiti cha maabara.

Subira yake ilionekana pia Dallas, Marekani. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa watafiti waliowalaza vijana watano kitandani kwa wiki tatu, kisha wakawafanyisha mazoezi. Baada ya miaka 30 watu haohao watano walipimwa tena, na ikabainika kwamba zile wiki tatu za kulala ziliupunguza uwezo wa miili yao kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Matokeo ya namna hii huja tu pale kumbukumbu zilipotunzwa na watu wakabaki wanawasiliana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuja Kenya na wenzake kuwapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa pamoja na wale wa Skandinavia. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia hakikutofautiana sana kati ya walio bora wa pande zote mbili. Ila kwa kasi ileile, Mkenya alitumia oksijeni kidogo zaidi. Kwa kile kiwango cha juu cha oksijeni, wavulana waliozoea shughuli nyingi za kila siku waliwazidi kwa mbali wenzao waliokaa tu. Aliyetafuta muujiza wa damu alipewa vipimo. Mwaka 1994 Saltin akaanzisha kituo cha utafiti wa misuli kilichounganisha chuo kikuu na hospitali kuu ya Copenhagen, akakiongoza kwa miaka kumi. Alifariki mwaka 2014.

Afrika Mashariki ina watu wa kufanya kazi hii. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta amefundisha Profesa Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, mtu anayeyajua mazoezi kwa miguu yake na kwa vitabu. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu: mnapomteua mkuu wa idara hii, muulizeni ana swali gani, na nani ataliendeleza akiondoka. Akiwa na jibu, mpeni fundi mzuri wa maabara, mpeni na miaka kumi.