Heshima si utumwa, nayo adabu si kimya

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani, mbele kidogo utafika Kengeleni. Kengele ya Frere Town ingali pale. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, nayo kengele ikawa ya kuwatahadharisha watu hatari inapokaribia. Naitaja kwa sababu ya methali tunayopenda kuwahubiria wanafunzi: Heshima si utumwa. Kuisoma mahali hapo si sawa na kuisoma kwingine.

Maana yake si ngumu. Anayemheshimu mwenziwe hajidunishi, kwa hiyo anayeambiwa methali hiyo ni mtu huru. Lakini sisi walimu na wazazi tumeigeuza. Mwanafunzi akiuliza swali lisilotupendeza, eti hana heshima! Heshima imekuwa deni la mdogo kwa mkubwa, basi. (Waliokombolewa nao waliyaonja hayo: mwanzoni mwa miaka ya 1880 misheni yenyewe ililaumiwa kwa viboko walivyochapwa humo.)

Adabu nayo ina kisa chake. Katika Kiarabu, adab ni mwenendo mwema na ni fasihi pia. Sisi tulichukua mwenendo tukaiacha fasihi, kisha tukazidi kulibana neno: kumtia mtoto adabu ni kumwadhibu.

Tuliyaona matokeo Aprili 2025. Wasichana wa Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama wakiwa na amri ya Mahakama Kuu kwamba waruhusiwe kuigiza Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Mwaka wa 2013 shule iyo hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kuigiza Shackles of Doom, wa mtunzi yuyo huyo, hadi Jaji David Majanja alipouruhusu.

Wapo wenzangu wanaozitia marufuku hizi mbili kapu moja. Mimi sikubali. Mwaka wa 2013 lalama ilikuwa kwamba mchezo ungechochea chuki baina ya jamii. Hiyo ni hoja ya kusikilizwa, maana darasa moja la shule ya umma lina watoto wa makabila kadhaa, na aliyetaniwa jukwaani huenda ameketi safu ya mbele. Ilisikilizwa, ikashindwa. Lakini 2025 aliyekuwa akikingwa ni nani? Watawala, watu wenye ndimi zao na vipaza sauti vyao.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinatoa uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinamtaka anayeutumia aheshimu haki na sifa za watu wengine. Wengine, si wakubwa. Neno hilo linamjumuisha mtoto wa dawati la pili.

Mwanafunzi wa Frere Town akiitwa mtumwa na mwenzake, hapo mwalimu asingoje kengele ya mapumziko. Aingilie kati papo hapo. Lakini huyo huyo akiandika insha kuuliza pesa za maabara zilikwenda wapi, mwalimu amsahihishie ngeli, ampe alama zake, amrudishie daftari.