Fomu Ilitoka Mapema Mno

Ile video ya mafunzo ya wanasihi mmeiona, sitaisimulia upya. Mnasihi ni mtulivu, na swali la kujiua analiuliza waziwazi, inavyotakiwa. Halafu anaharibu kikao kwa karatasi.

Rudini pale mteja anaposema, "Siku hizi naona bora nisingekuwepo, hasa usiku." Hasa usiku! Kikao kizima kilikuwa hapo. Usiku kunatokea nini? Nani yuko nyumbani saa hizo? Mnasihi haulizi hata moja. Anavuta droo, anatoa mkataba wa kutojiua, anasema, "Basi niahidi hutajidhuru mpaka wiki ijayo," na kumsogezea kalamu. Mtazameni mteja: anatia sahihi upesi, kama mtu anayesaini posho ya semina, na kuanzia hapo jibu lake ni "ndiyo" tu. Wiki ijayo, akizidiwa, ataficha, kwa sababu aliahidi.

Nimeshalisema mpaka mmenichoka: sahihi ile humlinda mnasihi na faili lake. Hata Drye na akina Goulding, walioandika juu ya jambo hili mwaka 1973, walimtaka mteja ajitamkie mwenyewe kwamba hatajiua, kisha wakasikiliza anasita wapi. Kilikuwa kipimo, wafuasi wao wakakifanya stakabadhi. Na Tanzania, ambako kujaribu kujiua ni kosa la jinai, fomu yenye tarehe na sahihi mteja anaiona ni ushahidi dhidi yake.

Mtaniambia hata mwanasaikolojia Marsha Linehan huomba ahadi. Huomba, lakini huihangaikia: humbishia mteja, hufuatilia naye tukio hatua kwa hatua hadi lilikoanzia, humfundisha stadi za kustahimili, na humtaka apige simu kabla hajajidhuru. Katika utafiti wake wa Seattle uliochapishwa 2006, wateja wake walijaribu kujiua kwa kiwango cha nusu tu ya wale waliotibiwa na wataalamu wengine waliobobea. Hao hawakuwa wanagenzi.

Wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown nao wangetoa karatasi, ila baada ya kumsikiliza mteja asimulie kilichotokea. Na ya kwao, mpango wa usalama, hujazwa kwa maneno ya mteja: dalili za kwanza kwamba hali inachafuka, la kufanya akiwa peke yake, pa kwenda, wa kumpigia, na jinsi ya kuweka mbali vitu vya hatari. Mwaka 2018 walionyesha kwamba mpango huo, pamoja na simu za ufuatiliaji, uliambatana na upungufu wa karibu 45% wa matendo ya kujiua katika miezi sita, kwa maveterani wa Marekani waliopita vitengo vya dharura.

Video inaisha kwa miadi ya wiki ijayo, bila simu ya katikati. Daktari wa akili Jerome Motto, kule San Francisco, aliwaandikia barua fupi hata waliokataa tiba. Mteja wa video amekubali, na hapati hata ujumbe wa simu.