Kiti Kimoja, Jina Moja: Uteuzi wa Wagombea Ulivyoigeuza Kasese

Desemba 1980, chama kichanga cha Uganda Patriotic Movement kiliingia kwenye uchaguzi mkuu na kutoka na kiti kimoja tu nchi nzima. Kiongozi wake, Yoweri Museveni, alishindwa kwao Mbarara na Sam Kutesa wa DP. Kiti hicho kimoja kilitoka Kasese, na aliyekitwaa alikuwa daktari kijana, Crispus Kiyonga. Februari 2016, Kiyonga huyohuyo, safari hii akiwa waziri wa ulinzi katika serikali ya Museveni, aliangushwa Bukonzo West na Atkins Katusabe wa chama cha upinzani, FDC. Wala hakuanguka peke yake. Viti vyote sita vya ubunge vya Kasese vilikwenda FDC, na siku chache baadaye uenyekiti wa wilaya nao ukachukuliwa na Geoffrey Sibendire Bigogo wa chama hichohicho.

Anguko lile huelezwa kwa neno moja: hasira. Naikubali hoja hiyo nusu. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, na nitairudia. Lakini hasira haichapishwi kwenye karatasi ya kura. Kinachochapishwa ni jina, picha na alama, na kazi ya kuhakikisha kila karatasi ina jina moja tu la kubeba hasira hiyo ni kazi ya chama, miezi kadhaa kabla ya siku ya kura.

Tuanze na ramani. Uganda haina uchaguzi wa majimbo ya utawala. Ngazi kubwa chini ya taifa ni wilaya, na Kasese ni wilaya yenye pande mbili. Upande wa Bukonzo, wenye viti vya East na West, wakazi karibu wote ni Bakonzo wa milimani na mabondeni. Bukonzo West ndiyo yenye Bwera na mji wa mpakani wa Mpondwe-Lhubiriha, unaotazamana na Kasindi ya Kongo. Sokoni pale utasikia Lukonzo na Kiswahili vikipokezana katika bei ileile ya maharage. Upande wa Busongora, North na South, kuna mchanganyiko: Bakonzo, Basongora wafugaji, Banyabindi, wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Hima, wavuvi na wachimba chumvi wa Katwe. Kiti cha tano ni cha Manispaa ya Kasese. Cha sita ni cha mbunge mwanamke, anayepigiwa kura na wilaya nzima.

Kiti hicho cha sita ndicho wachambuzi wengi hukipitia juujuu, nami naona ndicho ufunguo. Mbunge wa kata za Bwera hana sababu ya kufika Maliba. Mgombea mwanamke hana budi kufika kote, kuanzia Karambi hadi Hima, na popote anapopanda jukwaani huwa kando ya mgombea wa jimbo wa chama chake. FDC ilikuwa na Winnie Kiiza, aliyeshikilia kiti hicho tangu 2006, na ambaye baada ya ushindi wa 2016 aliteuliwa kuwa kiongozi wa upinzani bungeni. Chama chenye mgombea wa wilaya nzima anayefahamika kwa jina katika kila kilima kinaweza kumsimamisha pembeni yake mtu asiyejulikana sana, na mtu huyo akapata kusikilizwa. Pamoja naye, William Nzoghu alikuwa ameshaonja ubunge wa Busongora North tangu 2011. Kwa hiyo FDC haikuanza sifuri. Ilikuwa na nguzo mbili zilizosimama, ikajaza nafasi zilizobaki: Harold Muhindo Bukonzo East, Katusabe Bukonzo West, Jackson Mbaju Busongora South, Robert Centenary manispaa.

Sasa hasira. Ufalme wa Rwenzururu, ulioanzia kwenye vuguvugu la Isaya Mukirania la 1962 dhidi ya utawala wa Toro, ulitambuliwa na serikali mwaka 2009, na mwana wa Mukirania, Charles Wesley Mumbere, akatawazwa Omusinga, yaani mfalme. NRM, chama cha Museveni, ilitarajia shukrani, na kwa kiasi fulani iliipata: mwaka 2011 uenyekiti wa wilaya ulikwenda kwa mgombea wake, Dura Mawa Muhindo, na Kiyonga akabaki na kiti chake. Kisha mambo yakachacha. Basongora na Banyabindi walitaka tawala zao za jadi, serikali ikaonekana kuwaunga mkono, na wafuasi wa Rwenzururu wakaona wanamegewa kile walichopewa jana. Julai 2014 yakatokea mashambulizi dhidi ya vituo vya polisi na kambi Kasese na wilaya jirani za Bundibugyo na Ntoroko, watu wengi wakafa, na msako uliofuata ukaacha uchungu kila upande.

Katiba ya Uganda, ibara ya 246, pamoja na sheria ya 2011 kuhusu viongozi wa jadi, inamzuia mfalme kushiriki siasa za vyama. Hakuna mgombea anayeweza kupanda jukwaani akasema ametumwa na Omusinga. Lakini hakuna sheria inayomzuia mpiga kura wa Kitholhu kuuliza: ufalme ulipokuwa ukiombewa kutambuliwa, huyu alisimama wapi? Swali hilo lilimwandama Kiyonga kwa miaka. Wafuasi wengi wa ufalme walimweka kwenye orodha ya waliouchelewesha, awe alistahili lawama hiyo au la. Chama kinachojua kwamba mgombea wake ana swali la namna hiyo mgongoni kina njia mbili: kumbadilisha, au kumpa jibu. NRM haikufanya lolote kati ya hayo. Ilimpa tikiti tena, kwa heshima ya uzito wake Kampala. Kwangu hilo lilikuwa kosa la uteuzi kabla ya kuwa kosa la kampeni.

Kuna hesabu nyingine inayoitesa NRM kila mahali, na Kasese si tofauti. Chama kikiwa kikubwa, mchujo wake ndio huwa uchaguzi wenyewe, na wanaoshindwa huwa wengi. Mwaka 2015 mchujo ulifanywa kwa kura za siri kwa kutumia daftari la njano la wanachama, ukavurugika sehemu nyingi: majina hayakuonekana, masanduku yalichelewa, matokeo yakapingwa. Aliyeshindwa Uganda ana mlango wa kutokea. Akitaka ubunge kama mgombea huru, anahitaji sahihi za wapiga kura kumi, ada ileile ya shilingi milioni 3, cheti cha elimu ya sekondari ya juu, na alama ya kuchagua kwenye orodha ya tume. Wengi huchapisha mabango ya njano, rangi ya NRM, yenye picha ya Museveni, wakijiita huru kwa jina tu. Bunge lililozaliwa 2016 lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 60, na lile la 2021 zaidi ya 70, wengi wao watoto wa NRM waliotoka nje kwa hasira na kurudi kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Jimbo lina kura halali 40,000. Chama tawala kina watu 22,000, upinzani 18,000. Mmoja wa walioshindwa mchujo anachukua fomu akiwa huru, anaondoka na 5,000. Chama tawala kimebaki na 17,000, upinzani umeshinda bila kuongeza kura hata moja. Hakuna duru ya pili katika ubunge. Anayeongoza ndiye mbunge. Katika mfumo wa aina hiyo, chama kidogo chenye nidhamu kina faida ambayo chama kikubwa hakiwezi kuinunua.

Msomaji wa Dodoma atashangaa, maana kwake mlango huo umefungwa. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, licha ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha kuamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Ndani ya CCM, kura za maoni ni maoni kweli. Uamuzi wa mwisho juu ya wagombea ubunge uko kwa vikao vya taifa, na aliyeongoza kwa kura anaweza kukatwa akarudi nyumbani kimya. Kenya ina njia ya kati: katiba inamtaka mgombea huru awe hana chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo asiyeridhika lazima aamue mapema. Uganda imeacha uzio wazi, halafu kila baada ya miaka mitano viongozi wa NRM wanashangaa mbuzi wako shamba la jirani.

Dawa ambayo NRM iliichagua mwaka 2020 ilikuwa ya zamani. Septemba 4 wanachama walipanga mstari nyuma ya mawakala au picha za wagombea, wakahesabiwa mchana kweupe. Waganda walikuwa wameuzoea utaratibu huo tangu enzi za mabaraza ya Resistance Council ya miaka ya 1980, na Julai 2018 ulitumika kuchagua viongozi wa vijiji. Wakenya wanaujua kwa jina la mlolongo, na hawana kumbukumbu nzuri nao: mwaka 1988 KANU iliutumia, ikaongeza kwamba anayepita asilimia 70 haendi tena kwenye kura ya siri, na mistari mifupi ikatangazwa mirefu mbele ya waliosimama humo. Ubora wa mstari ni kwamba hauna karatasi za kuibwa. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaona umesimama nyuma ya nani, na katika wilaya iliyotoka kwenye msiba hilo si jambo dogo.

Msiba wenyewe ni wa Novemba 26 na 27, 2016. Jeshi na polisi walivamia Buhikira, ikulu ya Omusinga mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa na Mumbere akakamatwa. Baadaye alipewa dhamana yenye sharti la kutorudi Kasese, na mashtaka yalifutwa Juni 2023. Uchaguzi wa Januari 14, 2021 ulifanyika mfalme akiwa mbali na wengi wa walinzi wake wakiwa gerezani. Aliyetarajia kwamba damu ile ingeifanya FDC izoe viti vyote tena alikosea.

NRM ilipata vinne kati ya sita. Florence Kabugho alitwaa kiti cha mwanamke, Ferigo Kambale manispaa, Sowedi Kitanywa akamwondoa Nzoghu Busongora North, na Gideon Mujungu akachukua Busongora South. FDC ilibaki na Muhindo na Katusabe, wote wa Bukonzo. Ukiweka matokeo hayo juu ya ramani, mstari unapita karibu palepale penye mpaka wa majimbo ya zamani. Ambako Bakonzo wako peke yao, uchungu uliendelea kupiga kura. Ambako kuna mchanganyiko, NRM ilirudi, tena na sura mpya ambazo hazikubeba swali la Kiyonga.

Lakini naona sababu iliyozidi zote ni kwamba nguzo ya FDC ilikuwa imeondoka. Winnie Kiiza alikuwa ametangaza kutogombea tena, akaelekea kwenye chama cha Mugisha Muntu, ANT. Bila mgombea wa wilaya nzima wa kiwango chake, kila mgombea wa FDC aliachwa apigane kwenye kilima chake. Waliokuwa na mizizi yao wenyewe walinusurika. Waliokuwa wakiegemea jukwaa la pamoja walianguka.

Kufikia 2025 hesabu ilikuwa imehamia upande wa pili. NRM ilipanga mstari tena Julai 17. Upinzani nao uliingia msimu huo ukiwa umepasuka: kundi la barabara ya Katonga lilijitenga na makao makuu ya FDC pale Najjanankumbi, likazaa chama cha PFF kilichosajiliwa mwaka huohuo, huku NUP, chama kingine cha upinzani, nayo ikitafuta wagombea wake. Tume ilipopokea fomu za wagombea ubunge Oktoba 22 na 23, mtu wa Bwera aliyempigia Katusabe mara mbili kwa sababu ya ufalme hakuwa tena na alama moja ya kuitafuta kwenye karatasi ya kura, na makada wa NRM waliokuwa wakihesabu mabango ya njano ya wasioridhika wakawa na sababu ya kuhesabu pia rangi za upande mwingine.